Damu Kinywani, Lawama Jikoni



Wiki hii naomba niwatoe kidogo kwenye bahari yetu, niwapeleke hadi Kisumu, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria. Wengi wetu tuna jamaa huko. Reli ilipofika ziwani mwezi wa Disemba 1901, mji wenyewe ukiitwa Port Florence, watu wa pwani waliifuata, na wajukuu wao hadi leo wanaishi Kaloleni na mitaa mingine ya mji ule. Tunaozeshana nao, tunazikana nao, na maradhi yao ni maradhi yetu.

Dada yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, aliolewa Kisumu yapata miaka kumi na minne sasa. Mumewe ni mtu mpole, hajui ulevi, hakosi jamaa msikitini. Mwaka juzi alianza kulalamika mgongo, akawa ananunua vidonge vya maumivu dukani na kuvimeza asubuhi na jioni. Baada ya siku chache choo chake kikageuka kuwa cheusi, kinanata kama lami, na harufu yake si ya kawaida. Hakumwambia mtu. Aliona haya, kama wanaume wengi waonavyo haya kwa mambo hayo.

Jioni moja dada yangu alipika wali wa nazi na samaki aina ya ngege. Mume akala, akasimama kwenda kutawadha kwa ajili ya Isha, na kabla hajafika mlangoni akatapika damu. Haikuwa damu ya kutema na mate. Ilikuwa nyingi, nyekundu, yenye mabonge, nusu ya beseni. Akaketi chini, jasho la baridi likimtoka, macho yakimzunguka.

Mavyaa wa dada yangu alitoka chumbani, akaona sakafu, akamgeukia mkwewe na kumwuliza neno moja tu: "Umemlisha nini mwanangu?"

Neno hilo, ndugu zangu, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa nusu saa nzima mgonjwa akiwa anavuja damu, nyumba ilikuwa ikizungumza habari ya sumu. Shemeji mmoja alitaka aitwe mganga aje "aondoe kitu". Mwingine alikwenda jikoni kukusanya mabaki ya wali yawekwe ushahidi. Aliyeokoa ni jirani, mkunga mstaafu, aliyeingia akiwa na kanga mbili tu mwilini, akamtazama mgonjwa na kusema, "Huyu ni wa hospitali, na ni sasa hivi. Hayo maneno mtayakuta hapa hapa mkirudi." Wakampakia kwenye tuktuk, akalazwa ubavu, wakaenda.

Alhamdulillahi, alipona. Wenyewe wamenipa ruhusa niyasimulie haya bila majina, ili nyumba nyingine isipitie walipopita wao.

Damu ilitoka wapi?

Tuanze na mwili. Chakula kikishasagwa tumboni na kwenye matumbo, damu huchukua yale yaliyomo na kuyapeleka kwenye ini kwa mshipa mmoja mkubwa, ambao twaweza kuuita mshipa wa lango. Ini, kiungo kinachokaribia uzani wa kilo moja na nusu, huipokea damu hiyo, huisafisha, kisha huiachia iende moyoni. Ini lenye afya ni laini kama sifongo, na damu hupita ndani yake bila taabu.

Sasa ini likishambuliwa na maradhi kwa miaka mingi, huota makovu. Kila kovu ni mahali pagumu pasipopitisha kitu. Makovu yakizidi, ini husinyaa na kuwa gumu, na damu inayotoka matumboni hukuta lango limefungwa nusu. Haiwezi kurudi ilikotoka, kwa hiyo hutafuta njia za pembeni.

Fikirini Mji wa Kale wa Mombasa siku ambayo barabara kuu imezibwa. Mikokoteni yote huingia kwenye vichochoro, na vichochoro havikujengwa kwa mikokoteni. Kuta za zamani hukwaruzwa, hupasuka, na siku moja ukuta huanguka. Vichochoro vya damu viko sehemu ya chini ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na sehemu ya juu ya tumbo lenyewe. Mishipa myembamba ya hapo huvimba kwa kubebeshwa damu isiyo yake, na ngozi yake hukonda. Haiumi, haiwashi, haina dalili yoyote. Ndipo siku moja mmoja hupasuka. Samaki wa jioni ile hakuwa na kosa, wala mkono uliompika. Mshipa ulikuwa ukisubiri kupasuka kwa miaka mingi.

Si kila atapikaye damu ana maradhi ya ini. Wapo wenye vidonda vya tumbo, na vingi kati ya vidonda hivyo huletwa na kijidudu kiishicho tumboni au na vidonge vya maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo huko madukani tunavimeza kama peremende. Lakini kwa mgonjwa wa ini, vidonge hivi vina hatari mara mbili: huchubua tumbo, na huizuia damu isigande upesi. Shemeji yetu alikuwa amevimeza siku tano mfululizo.

Virusi na ziwa

Hospitali ilikuta mambo mawili katika ini lake, na yote mawili ni mambo ya kawaida katika ukanda ule.

La kwanza ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Homa ya ini zipo aina kadhaa, na watu huzichanganya. Aina ya A na ya E huja kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mtu huugua, macho yakawa ya manjano, na walio wengi hupona. Aina ya B na ya C huja kwa damu na majimaji ya mwili, na hizi ndizo zinazoweza kujificha ndani ya ini miaka ishirini au thelathini bila mwenyewe kuhisi lolote, huku zikilitia makovu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na aina ya B na milioni 50 na aina ya C, na kwamba homa hizi za virusi huua watu wapatao milioni 1.3 kwa mwaka. Wengi wao hawajui walicho nacho mpaka siku ya beseni.

La pili ni kichocho. Katika Ziwa Victoria wapo konokono wadogo wa majini wanaobeba vijidudu vya kichocho cha matumbo. Vijidudu hutoka kwa konokono, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hata kama hana jeraha. Vikikomaa kuwa minyoo huishi ndani ya mishipa ya damu ya matumbo na kutaga mayai. Mayai mengine hutoka na choo. Mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, hukwama huko, na kila yai huacha kovu lake. Wengu pia huvimba hadi kushikika kwa mkono chini ya mbavu za kushoto. Matokeo ni yale yale: lango huzibwa, vichochoro hujaa.

Shemeji yetu katika ujana wake aliosha magari ufukweni. Kazi hiyo inajulikana sana Kisumu: madereva huingiza magari hadi kwenye kina cha magoti, na vijana huyaosha huku wamesimama majini kutwa. Watafiti wa KEMRI, ambao kituo chao kiko Kisian nje kidogo ya mji, wamewafuatilia waosha magari na wachimba mchanga wa ziwani kwa miaka mingi, kwa sababu watu hao hutibiwa kichocho, hurudi majini, na hupata tena. Ukiongeza wavuvi, wanawake wafuao nguo na watoto waogeleao, kutoka Kisumu hadi Homa Bay, Mbita, Rusinga na Mfangano, utaona kwamba ziwa linalolisha watu ndilo pia linalowaachia makovu.

Kuna tofauti moja ya kutia moyo. Kichocho peke yake huziba njia za damu lakini mara nyingi huliacha ini likifanya kazi yake, kwa hiyo mgonjwa wa kichocho akinusurika kutoka damu huweza kuishi miaka mingi. Virusi huliharibu ini lenyewe. Vikikutana viwili ndani ya mtu mmoja, mzigo huzidi. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ipo, ni ya bei ndogo, na watoto wa shule hupewa kwa urefu wao. Ikitolewa mapema, makovu huweza hata kupungua. Ewe mama uliye karibu na ziwa, siku watoto watakapogawiwa dawa shuleni, usimzuie wako kwa kusikia kwamba itamtia kizunguzungu. Mlishe kwanza, kisha anywe.

Lawama ya pili

Tulidhani habari ya sumu ikishazikwa nyumba itatulia. Wapi! Hospitali ilipotaja neno "virusi", na ikampa mgonjwa kidonge cha tenofoviri cha kila siku, jirani aliyekuwa akikijua kidonge hicho kwa matumizi yake mengine alinong'ona kwamba huo ni ukimwi. Mnong'ono ukapita ukuta. Sasa lawama ikageuka: dada yangu alikuwa amesimama juu ya mumewe akimwuliza alikotoka nako. Na nduguze mume wakauliza kwa upande wao kama si mke aliyeleta.

Ni kweli kwamba tenofoviri hutumika katika matibabu ya virusi vya ukimwi. Lakini dawa hiyo hiyo huzuia virusi vya homa ya ini B visizaliane. Kidonge kimoja, maradhi mawili tofauti. Na ni kweli pia kwamba homa ya ini B huweza kuambukizwa kwa tendo la ndoa. Lakini sikilizeni hili kwa makini, kwa maana ndani yake mna talaka nyingi zisizo na haki.

Mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B, mwili wake mara nyingi huvishinda virusi wenyewe. Hata watano katika mia hawafiki wanaobaki navyo maisha yao yote. Mtoto mchanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban tisa kati ya kumi hubaki navyo. Maana yake ni nini? Ni kwamba mtu wa miaka arobaini aliyekutwa na virusi vya siku nyingi na makovu ya ini, uwezekano mkubwa ni kwamba alivipata akiwa kwenye nepi, au akiwa mtoto mdogo akicheza na wenziwe wenye vidonda. Matokeo ya kipimo hayasemi habari ya uzinzi, na asiye na ushahidi mwingine hana ruhusa ya kuyasemesha.

Daktari aliagiza nyumba nzima ipimwe. Dada yangu hakuwa na virusi, akaanzishwa chanjo yake ya mikono mitatu. Watoto wote walikuwa salama, kwa kuwa walichanjwa kliniki wakiwa wachanga. Ndugu mdogo wa mume alikutwa navyo. Kisha yule mavyaa, mama wa watu, naye akapimwa. Alikuwa navyo.

Nilikuwapo siku hiyo. Mama yule aliketi kwenye benchi la hospitali, ameshika karatasi asiyoweza kuisoma, akataka kusomewa mara mbili. Alipoelewa kwamba huenda ni yeye aliyempa mwanawe maradhi siku ya kumzaa, hakulia. Alimtazama mkwewe aliyekuwa amesimama pembeni na mkoba wa chakula, akasema, "Mwanangu, nimekudhulumu." Dada yangu akapiga goti, akamshika mkono, akamwambia kwamba hakuna aliyedhulumu hapa.

Na ndiyo kweli. Mama yule hakuwa na kosa, kama vile mkwewe hakuwa nalo. Virusi vyenyewe viligunduliwa miaka ya 1960 na Baruch Blumberg, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, 28 Julai, ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani. Lakini chanjo ya homa ya ini B haikuingia katika kliniki zetu za watoto hapa Kenya hadi mwishoni mwa 2001, ikiwa ndani ya ile sindano yenye kinga tano. Shemeji yetu alizaliwa kabla. Mama yake hakupimwa kwa sababu hakuna aliyepima.

Ukiona damu, fanya hivi

Mama, likitokea nyumbani mwako, usingoje kikao cha ukoo. Dalili za kutoka damu ndani ni kutapika damu nyekundu au matapishi kama unga wa kahawa. Choo cheusi kinachonata kama lami. Kizunguzungu, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, kuzimia. Choo cheusi huweza pia kuletwa na vidonge vya kuongeza damu ambavyo wajawazito hupewa, lakini hicho hakinati wala hakina ile harufu mbaya. Ukiwa na shaka, nenda ukaulize.

Mlaze mgonjwa ubavu, ili akitapika damu isiingie mapafuni. Usimpe chakula, wala maziwa, wala dawa ya mitishamba, wala kidonge chochote cha maumivu. Mfunike asipatwe na baridi. Chukua vidonge alivyokuwa akimeza uende navyo. Atakayesafisha damu avae glavu, au mifuko ya nailoni mikononi, na sakafu ioshwe kwa Jik, kwani virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku saba.

Kama kuna njia mbili, chagua hospitali kubwa badala ya zahanati ya karibu isiyo na damu wala kamera. Kwa Kisumu, hospitali ya rufaa ni ile ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Huko mgonjwa huwekewa maji ya mishipa, huongezwa damu kwa kiasi, hupewa dawa ya kushusha msukumo katika mshipa wa lango na dawa ya kuzuia maambukizi. Kisha, akishatulia, kwa kawaida ndani ya siku moja, hupitishiwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia kinywani, na mishipa iliyovimba hufungwa kwa vipira vidogo hadi inyauke. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mishipa iishe. Mgonjwa pia hupewa dawa ya kupunguza msukumo wa damu, propranololi au inayofanana nayo, na hiyo haiachwi kwa kuwa tu mtu ajihisi mzima.

Sitawaficha: hata penye matibabu yote haya, takriban mgonjwa mmoja kati ya sita au saba hufariki ndani ya wiki sita tangu kutoka damu. Ndiyo maana nusu saa ile ya maneno ya sumu ilikuwa ghali mno.

Na hapa pana jambo letu sote. Shemeji yetu alihitaji chupa nne za damu. Damu haitengenezwi kiwandani. Vijana wetu wajitolee kutoa damu, wasingoje mpaka awe ni wao. Damu inayotolewa hupimwa ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, kwa hiyo mtoaji naye hupata kujijua.

Yaliyo mikononi mwa wanawake

Kwanza, mimba. Mjamzito aombe kupimwa homa ya ini B kliniki kama anavyopimwa ukimwi. Akikutwa navyo, asikate tamaa: zipo dawa za kumpa mama katika miezi ya mwisho, na mtoto akichanjwa ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kisha akakamilisha sindano zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, uwezekano wa kuambukizwa hupungua mno. Uliza mapema, kabla ya siku ya uchungu, kama hospitali utakayojifungulia ina chanjo hiyo ya siku ya kwanza. Kunyonyesha hakuzuiwi.

Pili, wembe. Hijama ni tiba tuipendayo, na masharti yake ni wembe mpya kwa kila mtu na vikombe vilivyosafishwa ipasavyo. Atakayekuumika kwa wembe aliomwumikia mwenzio, inuka uende zako. Hali kadhalika kutoboa masikio, kutahiri, na kunyoa nywele za mtoto siku ya arubaini. Mswaki na wembe wa kunyolea si vitu vya kuazimana hata baina ya mume na mke.

Tatu, kuosha maiti. Dada zetu wanaojitolea kwa ibada hii wavae glavu na aproni, wafunike mikwaruzo yao, na wachanjwe. Kumstahi maiti hakupingani na kujihifadhi.

Nne, jikoni. Mahindi na njugu zilizoota ukungu zina sumu iitwayo aflatoksini, inayoliumiza ini, na kwa mwenye homa ya ini B huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Hatujasahau mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, watu 317 walipougua kwa mahindi mabovu na 125 wakafariki. Kuchambua nafaka vizuri ni kinga. Kuzioka au kuzipika hakuiondoi sumu hiyo.

Tano, saumu. Shemeji yetu alitaka kufunga Ramadhani iliyofuata, akaona ni udhaifu kuacha. Daktari wake alimwambia mwili wake bado haujawa tayari, na shekhe wake akamwambia kwamba ruhusa ya mgonjwa ni katika dini, na kuikubali si upungufu. Mgonjwa wa ini asiamue peke yake. Awaulize wote wawili.

Na tena, yapo mambo yasiyoambukiza, nayo ni mengi kuliko yanayoambukiza. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula sinia moja, kwa kunywa kikombe kimoja, kwa kukumbatiana, kwa kukohoa, wala kwa kusimama safu moja msikitini. Msimtengee mgonjwa sahani. Nilimwona mtu mzima aliyetengewa kijiko katika nyumba yake mwenyewe, na nawaambia kijiko kile kilimwumiza kuliko ini lake.

Aina ya C nayo, iliyogunduliwa mwaka 1989, siku hizi ina vidonge vinavyoiponya kabisa kwa walio wengi katika muda wa wiki nane hadi kumi na mbili. Aina ya B haijapata dawa ya kuifuta, lakini kidonge cha kila siku huizuia isizidishe makovu. Kwa zote mbili mlango ni mmoja: kipimo cha damu kabla ya damu kuonekana.

Ile nyumba ya Kisumu sasa ina utaratibu. Mama mtu na wanawe wawili huenda kliniki pamoja kila baada ya miezi sita, na dada yangu ndiye ashikaye kadi zao tatu ndani ya mkoba mmoja. Mara ya mwisho nilipowazuru, mavyaa alikataa chakula kilichopikwa na mwingine. Alisema hali mpaka apakuliwe na mkwewe. Akala, akaomba aongezwe.

Mola atuhifadhie afya zetu na ndimi zetu. Wabillahi tawfiq.